Thibitisha Wewe ni Nani

Miteja, Jumapili alasiri

Mwanangu Rehema,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana afya. Yako naijua, maana umekula ugali wa mchana mbele yangu na ukaongeza. Yangu unaijua, maana umenipima presha jana, na leo umenipima tena kana kwamba hukuamini majibu ya jana. Basi tusiulizane. Umekwenda kuaga kwa shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawatakuachia uondoke kabla ya magharibi. Nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani.

Sitakuandikia habari za sweta. Kila aliyepita hapa wiki hii amekuambia Njombe kuna baridi, na wengine hawajawahi hata kuvuka Rufiji. Wala sitakuambia ule vizuri na ulale mapema. Wewe ni muuguzi, kuwaambia watu hayo ndiyo kazi yako. Nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilomwambia Bi Zuhura jana bombani ukidhani halitanifikia. Mwanangu, hii ni Miteja. Ulipofika nyumbani na ndoo yako nilikuwa nimeshalipata. Umemwambia unafikiria kuwapigia simu waajiri wako uombe wakusogezee siku ya kuripoti, kwa sababu ukituachia ile akaunti ya kikundi chetu cha mikeka, "mama ataibiwa tena."

Hilo "tena" limenichoma kidogo, sikufichi. Lakini ni neno la haki.

Unajua kama ninavyojua kwamba ajira hizi hazimsubiri mtu. Umekaa nyumbani miaka na cheti chako, ukisuka ukili wa mikeka pamoja na sisi wazee huku wenzako wakipangiwa vituo. Usiporipoti siku waliyoitaja, jina lako litakatwa na nafasi atapewa mwingine. Siwezi kukubali uikose kwa sababu yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Yaliyotokea mwaka jana unayajua. Nitakuambia kwa nini yalitokea, jambo ambalo hukuniuliza na mimi sikulisema.

Siku ile ulikuwa Lindi, unafuatilia usajili wako. Mimi nilikuwa kibarazani na miyaa niliyoichovya rangi ya zambarau, nasuka ukili kwa ajili ya mkeka mkubwa wa yule mteja wa nje. Simu ya kikundi ikalia. Ilikuwa barua pepe, na juu yake nembo ya ile kampuni inayotupokelea malipo, rangi yake ileile ya bluu, mistari imepangwa vizuri. Ilisema: "Mpendwa Mteja, tumegundua jambo lisilo la kawaida katika akaunti yako. Tumeizuia kwa muda. Thibitisha wewe ni nani kabla ya leo kuisha, la sivyo itafungwa na fedha zilizomo hazitapatikana tena."

Kuna watu ambao ukiwaambia wathibitishe wao ni nani, watakucheka. Mimi sikuwahi kuwa miongoni mwao.

Tulipovuka Ruvuma nilikuwa mtoto wa kiasi cha kubeba kibuyu cha maji na kutembea mwenyewe. Nyuma yetu kulikuwa na vita, na kijiji ambacho sijakiona tena mpaka leo. Siku nyingine naamka jina lake likiwa mdomoni. Porini, kabla ya kufika upande huu, bibi yako alinikalisha chini akanifundisha majibu: jina langu, jina la baba, la babu, la mji wetu, la mkuu wa mji. Alinirudisha mwanzo kila nilipositasita. "Ukiulizwa, jibu," aliniambia. "Usifikiri. Anayefikiri ataonekana mwongo."

Tukafika penye meza. Nyuma ya meza alikaa mtu mmoja mwenye kalamu, amechoka, shati limemganda mgongoni. Waliojibu upesi walipitishwa upande wa kivuli. Waliositasita waliambiwa wasubiri pembeni, juani, mpaka apatikane mtu wa kuwasemea. Mimi nilijibu yote kabla hajamaliza kuuliza. Akacheka, akanikatia kipande cha muhogo wake wa kuchemsha. Sina kinyongo naye hata kidogo. Mpaka leo, nikipika muhogo, namkumbuka mtu yule ambaye sikuwahi kumjua jina. Alikuwa na kazi ngumu na aliifanya kwa huruma, na nchi aliyoiandikia majina yetu ilitupokea ikatupa ardhi, shule na jirani.

Lakini somo la bibi yako halikutoka mwilini. Shuleni niliulizwa ninatoka wapi. Nilipoomba kazi ya kutunza maktaba ya shule pale Lindi niliulizwa tena, na nilipoolewa na baba yako wazee wa huku waliuliza wa kwao. Zilipokuja siku za kuandikishwa vitambulisho nilifika na karatasi nyingi kuliko mtu yeyote kwenye foleni. Nimeishi nikiwa na majibu mkononi. Mtu akiinua sauti kidogo akaniambia "thibitisha," ndani yangu anaamka yule mtoto na kibuyu chake, anajibu kabla sijamzuia.

Kwa hiyo nilibonyeza yale maandishi ya bluu. Ukurasa ukafunguka, nao ulifanana na ule ulionizoesha wewe mpaka kwenye vipembe vyake. Nikaandika barua pepe ya kikundi. Nikaandika neno la siri. Ba'mdogo wako Salumu akapita na jembe begani, akaniona nimeinama.

"We mkimbizi!" Unajua anavyonitania tangu siku ya harusi. "Leo wanakuandikisha tena?"

"Shemeji, nenda zako, nina kazi."

"Wakikuuliza mume yupo wapi, wambie huyu hapa na jembe lake."

Nikacheka, na huku nacheka nikaendelea kuandika. Simu ikaleta ujumbe wenye tarakimu, na ukurasa ukasema tarakimu hizo niziandike. Nikaziandika. Ukurasa ukasema "Asante, utambulisho wako umethibitishwa." Mwanangu, nakiri hili kwako peke yako: nilisikia raha. Nilisema "asante na nyie" kwa sauti, peke yangu kibarazani. Nilijiona nimeshapita upande wa kivuli.

Jioni ile akaunti ilikuwa tupu.

Nimesoma vitabu vingi. Lile kabati la maktaba nililimaliza, nikalirudia, na nilikuwa nikidhani kusoma ni kinga. Kumbe kwangu kulikuwa udhaifu. Kitu kilichoandikwa vizuri na kupangwa vizuri nilikipa imani kabla hakijaiomba. Nilijua kumshuku mtu mwenye maneno matamu. Ukurasa ulionyooka sikuwa nimejifunza kuushuku.

Kesho yake nilikwenda uani kwa Bi Zuhura, tunakosukia, nikawaambia wenzangu wote. Mwanaidi alisimama. Alikuwa ameshona mikeka mingi kuliko yeyote kati yetu.

"Wewe? Wewe msomi wetu? Tungeibiwa sisi tusiojua a wala be, ningeelewa!"

Bi Zuhura, ambaye hajui kusoma na hajawahi kulionea aibu jambo hilo, akasema huku anachambua miyaa, "Mimi nisingeibiwa."

"Kwa nini wewe usiibiwe?" Mwanaidi akamgeukia.

"Ningetafuta wa kunisomea. Angenisomea kwa sauti, nanyi mngesikia wote, na wewe Mwanaidi kwa ubishi wako ungempinga huyo mwizi mpaka akome."

Watu wakacheka, hata mimi, machozi yakiwa yananitoka. Mwanaidi hakucheka. Alininunia mpaka ufuta ukavunwa. Halafu siku moja alikuja, akakaa kwenye jamvi langu, akachukua ukili wangu akaanza kusuka pale nilipoishia. Nikaenda kuchemsha chai. Nimepokea mengi katika nchi hii, lakini sidhani kama kuna lililonigusa kuliko vile vidole vyake kwenye ukili wangu.

Na wewe. Ulirudi kutoka Lindi na vumbi lako, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, kwa sababu wewe ndiye uliyehangaika na picha za mikeka, na kufungua ile akaunti, na kuzungumza na wateja usiku mtandao ukiwa na nguvu. Ulikaa chini ukasema, "Mama, nionyeshe ulichokiona. Pole pole, kama ulivyokiona." Hukusema "kwa nini." Ulinifanya nipite tena njia yote, na kila mahali ulininyooshea kidole kwenye kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Uligusa jina la aliyetuma, ambalo lilikuwa jina la kampuni, na chini yake ikatokea anwani yenyewe: rundo la herufi, na baada ya alama ya kati, ile @, jina ambalo halikuhusiana na kampuni hata kwa ujamaa wa mbali. Ulinionyesha barua nyingine ya wezi uliyokuwa umeihifadhi, ambayo anwani yake ilikuwa karibu sana na ile ya kweli, imezidi kistari kimoja tu. Ulinionyesha kwamba kampuni ikituandikia hutaja jina la kikundi chetu, na huyu alituita "Mpendwa Mteja." Nikakuuliza, sasa nembo je? Ukasema, "Mama, wewe ukiuona mkeka wa mtu, huwezi kuusuka ule ule?" Naweza. Nimeshawahi. Tangu hapo sijaiamini nembo.

Lakini lililonikaa zaidi ni dogo kuliko yote hayo. Ulisema barua ikinitisha au ikinifurahisha, niifunge. Nisiijibu, nisibonyeze chochote ndani yake. Halafu niifungue akaunti mwenyewe, kwa njia ninayoitumia siku zote, nikaangalie. Kama kuna tatizo nitalikuta huko. Na zile tarakimu zinazokuja kwa ujumbe niziandike tu pale ninapokuwa nimeingia mwenyewe kwa mguu wangu, nisimpe mtu yeyote anayeniomba, hata akijitambulisha kuwa mkubwa wa kampuni.

Nilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu aliniambia kwamba anayetaka nithibitishe mimi ni nani, nina haki ya kumwacha asimame mlangoni huku nikichunguza yeye ni nani. Sijui kama ulijua umenipa nini. Hukuwa unafikiria Ruvuma, ulikuwa unafikiria barua pepe. Lakini nilitua mzigo siku ile, na nakushukuru.

Sasa nikuambie la upande wako, halafu nimalize la kwetu.

Utafika Njombe mgeni. Utakuwa umesubiri kazi hii muda mrefu, na mtu aliyesubiri muda mrefu hukaa kazini miezi ya kwanza kama aliyekalia kiti cha kuazima. Siku moja utapata ujumbe kwamba taarifa zako za mshahara zina kasoro, uzithibitishe leo la sivyo utarukwa mwezi huu. Ujumbe utakuwa na jina la ofisi, labda na jina la mtu unayemfahamu. Moyo utakwenda mbio. Hapo ndipo unikumbuke kibarazani. Wezi hawa hawakuwa wananijua. Hawakujua habari za meza wala kibuyu. Walitupa neno moja kwa watu wengi, na kwangu likaangukia mahali palipokuwa na kidonda. Kila mtu ana mahali kama hapo. Kwangu ulikuwa woga wa kurudishwa. Kwako, nadhani, ni woga kwamba kazi hii haikuwa yako kweli. Ni yako. Inuka, tembea mpaka ofisi ya mhasibu, muulize kwa mdomo. Hakuna mwajiri atakayekufukuza kwa sababu ulikwenda kuuliza.

Sasa la kwetu, ambalo hukuambiwa na mtu, kwa sababu niliwaomba wote wanyamaze na kwa mara moja katika historia ya Miteja wamenyamaza.

Jumanne, ulipokwenda Kilwa Masoko kupima afya, ilikuja nyingine. Safari hii haikutisha, ilileta habari njema. Unajua tulivyokuwa tukisubiri malipo ya ile mikeka ya duara. Barua ikasema malipo yetu yamefika lakini yamekwama njiani, tubonyeze hapa tuthibitishe ili yaachiwe. Rehema, moyo uliniruka. Nilikuwa na kidole hewani. Halafu nikachukua simu nikaenda nayo uani kwa Bi Zuhura, kama tulivyokubaliana baada ya wizi ule, nikaisoma kwa sauti mbele ya wote.

"Rudia mwanzo," akasema Bi Zuhura.

"'Mpendwa Mteja.'"

"Mteja yupi? Hapa pana wateja? Hapa pana wasusi."

"Endelea," akasema mwingine, "labda ana maana njema."

"Anasema tukichelewa mpaka kesho, malipo yatarudi yalikotoka."

"Kaacha chungu motoni?" Mwanaidi akauliza. "Sisi tumesubiri mwezi mzima, yeye hawezi kusubiri siku mbili?"

Salumu alikuwa ukutani, hajaalikwa kama kawaida yake. "Mwambie alete mwenyewe. Akishuka barabara kuu aulizie kwa mkimbizi."

"Shemeji, nyamaza, tunasoma."

"Nyamazeni nyie. Mimi ndiye mume wa msomaji."

Nikagusa jina la aliyetuma. Nikawasomea anwani herufi kwa herufi, na kila herufi waliipigia kelele. Nikaifunga barua. Nikaifungua akaunti kwa njia yetu ya siku zote, Bi Zuhura ameinama begani pangu kana kwamba anasoma. Hakukuwa na malipo yaliyokwama. Hakukuwa na malipo yoyote. Tulitamani sana iwe kweli, na hilo nalo ujue: hata ukishamjua mwizi, kuna huzuni ya kukosa alichokuahidi. Halafu nikaituma ile barua kwa kampuni kama ulivyonionyesha, ili nao wajue, na Bi Zuhura akasema, "Haya, ifute, isituharibie mchana." Nikaifuta. Tukarudi kwenye ukili.

Malipo ya kweli yaliingia juzi. Hayakutuuliza sisi ni nani.

Nimekaa na siri hii tangu Jumanne kwa sababu nilitaka nikupe kama zawadi ya safari, na sasa naona nimekaribia kuchelewa, kwa kuwa ulikuwa umeshaanza kutafuta sababu ya kubaki. Nakujua. Umenitunza tangu baba yako alipofariki, na umeitunza akaunti ile kwa sababu kuitunza ilikuwa njia ya kunitunza mimi. Nimeyaona yote. Sikuwa nikishukuru kila siku kwa maneno, kwa sababu shukrani ya kila siku ingekufanya mgeni nyumbani kwenu.

Kwa hiyo, asubuhi ya leo, ulipokuwa ukifunga sanduku, mimi na Bi Zuhura tumelibadilisha neno la siri. Nusu naijua mimi. Nusu anaijua yeye, nayo ni tarakimu tupu, maana kwenye tarakimu hakuna anayemshinda. Mmoja wetu hawezi kuingia bila mwenzake, hata akitishwa, hata akifurahishwa. Wewe hulijui tena. Usijaribu kuifungua akaunti kwa lile la zamani, itakukataa.

Na usiniulize. Ukinipigia simu kuliuliza nitakuuliza umekula nini. Ukiniandikia ujumbe kuliomba, nitaamini kwa moyo wangu wote kwamba aliyeandika si wewe, nami nitaufuta.

Huna cha kulinda hapa tena, mwanangu. Basi linapita barabara kuu alfajiri. Uwe ndani yake.

Mama yako